Alipiga makofi! Korongo akaangusha kamongo, kisha nikaambiwa kamera yangu ni ya harusi

Nimerudi kutoka kinamasi cha Mabamba, Uganda, sasa hivi, viatu vyangu bado vina tope, na ninaandika kabla hasira haijanipoa. Nyote mnamfahamu. Sina haja ya kumtaja yule bwana wa kofia ya kijani, ambaye lenzi yake ni ndefu kiasi kwamba ncha yake ilikwisha kufika Mabamba wakati yeye mwenyewe bado anapanda mtumbwi Nakiwogo.

Alipiga makofi.

Tuliingia kinamasini alfajiri, abiria wanne na nahodha, tukapenya kwenye vijia vya maji katikati ya mafunjo hadi tukamwona korongo domo-kiatu, ambaye Waganda humwita bulwe, amesimama hatua thelathini hivi mbele yetu, kimya kama nguzo ya umeme. Tulimngoja dakika arobaini. Ndege huyu hawindi kwa kuhangaika huku na huku. Husimama juu ya majani yanayoelea akimvizia kamongo, ambaye ana mapafu na hana budi kuibuka kuvuta pumzi, kisha humwangukia kwa mwili mzima. Nahodha alikuwa ameweka pondo chini ili maji yasitikisike, na mimi nilikuwa nimebana pumzi. Korongo akaanguka, akainuka na kamongo mnene kama mkono wangu, akaanza kutema majani aliyoyazoa pamoja naye, na hapo ndipo bwana yule alipopiga makofi. Mara tatu! Pa, pa, pa, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama ulioanikwa, kwa sababu tu alitaka picha ya korongo akiruka.

Kamongo akaponyoka majini, korongo akaenda zake na njaa yake. Nilipomuuliza bwana yule kwa nini amefanya vile, aliitazama kamera yangu, akaniambia, "Dada, kwa chombo hicho cha harusi usingepata kitu hata hivyo."

Zamani wavuvi wa pale walikuwa wakimuua korongo huyu kwa kuamini kwamba kumwona ni mkosi, kwamba siku hiyo nyavu zitarudi tupu. Leo baadhi yao ndio wanaotupeleka kumtazama, na wanajua umbali wa kusimama kuliko sisi sote. Kinamasi kile kimo katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu 2006, halafu anakuja mtu na lenzi ya thamani ya ng'ombe kumi, anamnyima ndege mlo uliokwisha kufika mdomoni. Kwa makofi! Kila nikifumba macho ninayasikia.

Mlinzi wa Mafunjo: Pole sana, dada. Huyo huyo nilikuwa naye Kibale tulipomfuata pita kifua-kijani. Alfajiri ile ndege alikuwa ameanza mwenyewe kurukaruka kwenye tawi na kuita, lakini bwana wako akatoa simu na kumchezea sauti iliyorekodiwa, tena na tena, hadi ndege akaacha tawi lake akimtafuta mpinzani asiyekuwapo. Hatukumwona tena.

Kibarua wa Lenzi: Mimi nasubiri picha. Umeandika aya nyingi kuhusu dakika arobaini, na katika dakika zote hizo korongo alikuwa amesimama bila kutikisika. Ulishindwaje kumpiga hata moja?

Mwenye uzi: Ninazo picha sitini za korongo aliyesimama. Nilikuwa nikingoja ile ya kamongo, na niliikosa kwa sababu mtu alipiga makofi.

Mzee wa Masaka: Binti yangu, makofi ni afadhali. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye boti ya mfereji wa Kazinga, na kila mwongozaji alipotaja kiboko, abiria wote walikimbilia upande mmoja wakiwa wameinua simu. Nimerudi nyumbani na visogo arobaini na mkia mmoja wa mdiria.

Kibarua wa Lenzi: Mzee, Kazinga ukae mbele kabisa, uwahi kabla ya wote.

Mzee wa Masaka: Niliwahi. Nikaambiwa nafasi za mbele ni za kundi lililofika pamoja.

Nyota wa Bwindi: Mnalia kuhusu visogo wakati sisi wa misituni tunalia kuhusu ukungu. Dereva aliniwashia kiyoyozi njia nzima, nikashuka kwenye joto lenye unyevu, na lenzi ikafunikwa na mvuke kwa muda wote ambao ndege walikuwa karibu na barabara. Nilimwomba akizime tangu mwanzo, akasema wageni hupenda baridi.

Mlinzi wa Mafunjo: Ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kushuka, uiache ipate joto polepole humo humo. Usiipanguse kwa shati.

Mwenye uzi: Jamani, alipiga makofi.

Nyota wa Bwindi: Tumesikia, dada. Mlinzi, mfuko huo uwe wa kufunga kwa zipu, au hata huu wa sokoni unatosha?