Laptopu kujinyamazisha yenyewe ikishika waifai ya ofisi, hivi ni mpaka tupige magoti?

Wakuu, leo naandika na hasira zangu, mnivumilie.

Jumanne, kikao cha saa tatu asubuhi. Chumba kimya, bosi kakaa mbele anasubiri ripoti ya mauzo. Nafunua laptopu, katuni ya mwanangu inaendelea palepale alipoiachia jana usiku, sauti asilimia 100 maana nyumbani feni inakoroma. Sungura anaimba wimbo wa kupiga mswaki. Nabonyeza kitufe cha kuzima sauti, skrini imeganda. Watu hoi kwa kicheko. Bosi hacheki.

Kinachoniuma ni kwamba hii kitu nilishaitengeneza! Simu yangu ya laki mbili na nusu, kwa MacroDroid tu (app ya kuifanya simu ijiendeshe yenyewe), inanyamaza nikiingia ofisini na inarudisha sauti nikifika home. Laptopu ya milioni na nusu ina Windows 11 na haina sehemu ya kuiambia "ukiona waifai hii, funga mdomo". Nikaingia Task Scheduler, sehemu ya Windows ya kupanga kazi zijifanye zenyewe, nikatengeneza kazi na kuifunga kwenye tukio namba 10000 la logi ya NetworkProfile, lile linaloandikwa kila mashine inaposhika mtandao. Kwenye Conditions, ukurasa wa masharti ya kazi, nikachagua waifai ya ofisi. Kisha ikitokea hivyo, iite NirCmd, kaprogramu ka kuipa Windows amri, na amri ya mutesysvolume 1, yaani zima sauti. Nimeijaribu mezani kwangu mara kumi, mara zote kimyaaa.

Sasa kikaoni ikawaje? Nimekesha kuchunguza. Kumbe kwenye Conditions hiyohiyo (nimepita hapo kwa macho yangu haya!) kuna tiki sikuiweka mimi, inakuja nayo: kazi ifanyike tu kama kompyuta iko kwenye umeme. Mezani chaja huwa haichomolewi. Chumba cha kikao kina soketi moja, na ni ya projekta. Yaani pale ninapoihitaji ndipo inapogoma, eti inanitunzia betri. Kuzima sauti kunakula betri gani jamani?

Nimetoa tiki. Bado haitoshi. Laptopu inaamka kwanza, waifai inashika baadaye, na sungura hahitaji zaidi ya hizo sekunde mbili tatu. Nikasema basi niandike skripti isome jina la mtandao kwa netsh, amri ya Windows ya mambo ya mtandao. Toleo la 24H2 la Windows 11 linataka kwanza uruhusu location. Hilo la usiri naelewa, sina ugomvi nalo, ila siku yenyewe ilishaniharibikia.

Ninachotaka ni kinyume chake: ikilala iwe imezibwa sauti, ifunguliwe na waifai ya nyumbani peke yake. Aliyefanikiwa aweke hatua hapa, ziwe zimejaribiwa kwenye betri. Na wale wa "mkuu si uzime tu sauti kabla ya kulala", laptopu saa hizo iko kwa mtoto wa miaka minne, njooni mumnyang'anye nyie.