Vifaranga wa sato kwenye tanki wamedumaa, wengine wamepinda mgongo: tatizo ni chakula?

Mfugaji_Kibaha:
Wakuu, habarini. Nina vifaranga 1,000 wa sato kwenye tanki la lita 5,000, wako wiki ya saba. Wastani wao ni gramu 1 tu, wachache wamefika gramu 4, na kama 30 hivi wamepinda mgongo. Chakula ni cha kuchanganya nyumbani: pumba za mahindi kilo 50, mashudu ya alizeti kilo 25, unga wa dagaa wa Mwanza kilo 25, juu yake premiksi ya kuku (ule mchanganyiko wa vitamini na madini). Wanalishwa asubuhi na jioni. Chakula hikihiki kinaenda kwenye bwawa la udongo na samaki wa kule wanakua vizuri. Sasa ni mbegu mbaya au ni chakula?

Lishe_ya_Samaki:
Mkuu, hilo bwawa la udongo ndilo linalokupa jibu. Maji ya kijani ya bwawani yana mwani mdogomdogo, wadudu wadogo na vitu vingine ambavyo sato anachuja siku nzima. Huko anapata protini, vitamini na madini ambayo chakula chako hakina. Kwenye tanki anapata kile unachomtupia, basi.

Tupige hesabu ya mchanganyiko wako. Pumba zina protini kama asilimia 10, kwa hiyo kilo 50 zinatoa kilo 5. Mashudu ya alizeti kwa asilimia 28 yanatoa kilo 7. Dagaa kwa asilimia 55 wanatoa kilo 13.75. Jumla ni asilimia 26 hivi. Hicho ni chakula cha sato mkubwa wa bwawani. Kifaranga asiyefika gramu 1 anataka asilimia 40 hadi 45, na wa gramu 1 hadi 10 anataka 35 hadi 40.

Tena usiangalie asilimia peke yake. Pumba na alizeti vina laisini kidogo (laisini ni moja ya asidi amino zinazounda protini), na laisini ikipungua, protini iliyobaki haiwezi kujenga nyama hata ingekuwa nyingi. Samaki anaichoma kama nguvu na kuitoa majini kama amonia. Unalipia dagaa halafu unachafua maji.

Kwa vifaranga wako jaribu hivi, kwa kilo 100: unga wa dagaa 40, soya iliyokaangwa 30, pumba laini za mchele 15, mashudu ya alizeti 10, unga wa muhogo 3 wa kugandisha, premiksi 2. Inakuja asilimia 37 na nusu. Alizeti nimeishusha makusudi, maana yale yanayokamuliwa na maganda yana nyuzinyuzi nyingi mno kwa samaki mdogo.

Soya isiingie mbichi hata kidogo. Ina kizuizi kinachozuia mmeng'enyo wa protini, na vifaranga watadumaa vilevile huku mfukoni umetoa hela zaidi. Ichemshe nusu saa kisha uianike, au uikaange hadi ganda lipasuke na punje iwe ya kahawia hafifu. Ikiungua nayo ni hasara, kwa sababu moto mkali unaifunga ile laisini unayoitafuta.

Daktari_wa_Mabwawa:
Naongezea upande wa migongo. Premiksi ya kuku ndipo pa kuangalia kwanza. Kuku anajitengenezea vitamini C mwilini, kwa hiyo premiksi nyingi za kuku hazina vitamini hiyo au zina kidogo sana. Samaki hawezi kujitengenezea. Ikikosekana, kolajeni (protini inayoshikilia mifupa na ngozi) haifungiki sawasawa, uti wa mgongo unapinda kushoto na kulia au juu na chini, na vidonda vinachelewa kupona.

Tafuta premiksi ya samaki yenye vitamini C iliyofungwa na fosfeti, kwani hiyo inavumilia joto na hewa. Ukikosa, saga kidonge cha miligramu 500 cha vitamini C, changanya na mafuta ya kula vijiko viwili vya chai, paka kwenye kilo 1 ya chakula ambacho kimeshakauka na kupoa. Usiweke kabla ya kupika wala kuanika juani, itapotea yote. Tengeneza cha wiki moja tu.

Waliokwisha kupinda hawanyooki, watoe. Na kama walionekana wamepinda tangu siku za kwanza, kabla hawajaanza kula vizuri, hapo shuku wazazi au joto la maji wakati wa kuangua, siyo chakula.

Mfugaji_Kibaha:
Walianza kuonekana wiki ya nne, ya tano. Asanteni sana wakuu. Je, niongeze chokaa ya kuku wa mayai ili mifupa ikaze? Na kwa siku niwape kiasi gani?

Lishe_ya_Samaki:
Chokaa hapana. Kalsiamu samaki anaivuta kwenye maji kupitia matamvua. Kinachopungua ni fosforasi, na chokaa haina. Sehemu kubwa ya fosforasi ya pumba na mashudu imefungwa kwa namna ambayo tumbo la samaki haliifungui. Kwa dagaa kilo 40 mifupa yao inatosha, ila siku utakapowapunguza kufika 20, weka DCP (dikalsiamu fosfeti, unga wenye fosforasi na kalsiamu) kilo 1 hadi 2.

Kiasi: vifaranga 1,000 wa gramu 1 ni kilo 1 ya samaki. Wape asilimia 10, yaani gramu 100 kwa siku, uzigawe mara tano au sita. Mara mbili ni chache mno, tumbo lao ni dogo. Pima sampuli kila wiki. Wakifika gramu 5, shuka hadi asilimia 6, ambayo ni gramu 300. Chekecha chakula kisizidi milimita 1, na hao wa gramu 4 watenge leo, wanawanyima wenzao chakula.

Protini ikipanda, amonia nayo inapanda. Fyonza uchafu wa chini kila asubuhi na ubadilishe robo ya maji.

Mchanganyaji_Mwanza:
Hesabu zote hapo juu zinadhani dagaa ni dagaa. Walioanikwa chini wanakuja na mchanga. Weka gramu 100 za unga kwenye jagi la maji, koroga, acha dakika mbili, mimina taratibu, rudia hadi ubaki mchanga mtupu, ukaushe na upime. Ukipata gramu 15, basi kwenye kilo 40 zako kilo 6 ni mchanga na protini imeshuka hadi 34. Nunua waliokaushwa kwenye chanja.

Pia soya nzima 30 pamoja na dagaa 40 ni mafuta mengi, kama asilimia 13. Badilisha nusu ya soya kwa mashudu ya soya, protini itapanda kidogo na chakula hakitachacha haraka. Kikianza kunuka mafuta ya zamani, usiwape vifaranga.