Webusaiti iliyopigwa penalti na Google: mliiokoa au mlianza upya? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu habari za muda huu. Nasimamia webusaiti ya duka la vipuri vya magari hapa Dar, Gerezani, ya bosi wangu siyo yangu. Domeni (jina la webusaiti) tunayo tangu 2014, imeandikwa kwenye kibao, kwenye risiti, mpaka mgongoni kwenye fulana za vijana wa dukani. Sasa mwaka jana alikuja jamaa ana mdomo mtamu balaa, akamwambia bosi ndani ya mwezi mmoja mko ukurasa wa kwanza, bosi akatoa hela, na kweli tukapanda, mtu akitafuta taa za Noah sisi tulikuwa wa pili. Raha ikawa ya miezi minne hivi. Saa hizi simu hazipigwi, nikitafuta mwenyewe nafika ukurasa wa tano sijioni. Nimeingia Search Console, ile huduma ya Google ya wenye webusaiti, nimekuta ujumbe kuwa kuna linki zisizo za asili, yaani za kununua au kupanga, zinazoelekea kwetu. Yule jamaa namba haipatikani, kama mlivyotarajia.

Bosi anasema nunua domeni nyingine tuanze upya yaishe. Mimi roho inakataa ila sina hoja ya kumpa. Waliopitia hili mlifanyaje? Uzi tayari.

Mdau wa Mwanza
Mkuu pole. Kwanza shukuru umeandikiwa ujumbe. Hiyo ni adhabu iliyowekwa na mtu wa Google baada ya kuikagua, na alichokiweka mtu unaweza kumwomba akitoe. Balaa ni ile ya mashine inayokushusha bila neno.

Yangu ilikuwa ya nyumba za kupangisha, kosa kama lako lakini mnunuzi wa linki nilikuwa mimi mwenyewe kwa hela yangu, nisimsingizie mtu. Nilishusha orodha yote ya linki toka Search Console nikaimwaga kwenye Eksel nikaanza kupita mojamoja usiku baada ya kazi. Nilikuta domeni karibu 400, robo tatu takataka, blogu za kamari, za dawa za nguvu za kiume, halafu zote zinanitaja kwa maneno yaleyale "nyumba za kupanga bei nafuu" kama kasuku. Hapo ndo nilielewa kwa nini nimekamatwa, hakuna binadamu wa kawaida anayekutaja kwa maneno yaleyale mara mia tatu. Nikaandikia wenye blogu watoe, wengi kimya, wawili watatu wakataka niwalipe ndo watoe (sikulipa). Zilizobaki nikazikana, yaani unamwambia Google asizihesabu: unaandika faili la kawaida la maandishi, kila mstari domeni moja, unalipandisha kwa Google. Halafu nikaandika ombi la kufikiriwa upya.

La kwanza likakataliwa, wakanipa mifano ya linki nilizoziacha kwa tamaa nikidhani ni nzuri. La pili likakataliwa. La tatu likapita, jumla kama miezi minne.

Ila nikwambie ukweli ambao bosi wako hataupenda: adhabu ikitolewa hutarudi pale ulipokuwa. Mimi nilirudi ukurasa wa pili, maana ile nafasi ya juu ilikuwa ya mkopo, ilibebwa na linki zilezile nilizozikata. Kupanda tena kulinichukua mwaka na ushee.

Mdau
Mimi nilianza upya na nilikosea nilivyoanza. Nilikuwa na blogu ya ajira na matokeo, mnazijua hizi, tangazo likitoka unakopi unapesti, Januari matokeo ya kidato cha nne unavuna, Julai unavuna tena ya form six. Baada ya apdeti ya Google ya Machi 2024 trafiki ikafa. Kwenye Search Console hakuna ujumbe wowote, penalti hakuna, yaani unaambiwa huna kosa na huku umekufa. Nikanunua domeni mpya nikahamishia makala zote kama 900 na ridairekti juu, yaani anayefungua domeni ya zamani anapelekwa mpya. Wiki mbili nikapanda nikawa natamba kwenye magrupu, wiki ya tano nimeporomoka vilevile. Nilihama nyumba na kunguni wangu.

Mara ya pili nikaacha kila kitu. Domeni nyingine, hakuna ridairekti, makala 40 tu nilizoandika mwenyewe, namna ya kuomba ajira za serikali hatua kwa hatua na picha za skrini nilizopiga mwenyewe. Inapanda polepole ila haijashuka. Kwa hiyo mleta mada, kama ugonjwa uko kwenye kontenti, domeni mpya haikusaidii kitu.

Mdada wa Nairobi
Boss, mimi yangu haikuwa hata penalti ya kujitakia. Site ya kutengeneza keki za harusi. Mteja ananipigia ananiuliza mbona ukitafuta jina lako inatokea Kijapani? Nikacheka. Nikaandika site: na domeni yangu kwenye Google, weh, maelfu ya kurasa za viatu na mikoba kwa Kijapani, zote ziko kwa domeni yangu! Keki hata moja sikuiona.

Ilikuwa ni themu, ule muonekano wa site unaowekwa kwa WordPress. Nilichukua ile ya kulipiwa lakini mahali inapatikana bure, na mlango wa nyuma wa wadukuzi ulikuja nayo. Kijana aliyenisaidia alifuta WordPress yote akaweka mpya, akabadilisha paswadi zote mpaka ya hosti, tukarudisha picha na maandishi tu. Tukadhani tumemaliza, siku tatu baadaye kurasa zimerudi. Kumbe ndani ya Search Console kulikuwa na mmiliki mwingine, imeili ya mtu simjui, aliingia akajithibitisha kuwa site ni yake kwa kuacha kafaili kadogo kwa seva. Tukafuta kafaili, tukamtoa, ndio ikatulia. Nilirudi karibu kama zamani ndani ya wiki sita. Sasa fikiria ningetupa domeni nihamie mpya na ile themu.

Mdau wa Arusha
Na hiyo domeni mpya anayoitaka bosi mkague historia yake kabla ya kulipa. Nilinunua jina zuri fupi la kampuni ya utalii, nashangaa ujumbe wa spamu tayari uko unanisubiri. Wayback Machine, ile tovuti inayohifadhi kurasa za zamani, ikanionyesha kuwa 2019 ilikuwa kasino. Nilieleza kwenye ombi kuwa mimi ni mmiliki mpya na ya zamani yote hayanihusu, wakanielewa, lakini msimu wa watalii ulishapita.

Mdau
Yangu fupi. Miezi miwili nalia Google kanifungia. Fundi alisahau kutoa tiki kwenye kile kiboksi cha WordPress cha kuzuia injini za utafutaji. Nilishalipa mtu "mtaalamu wa penalti" laki mbili.

Mdau wa zamani
Laki mbili kwa tiki, aisee 😂

Mleta mada, hata wakubwa wanapigwa. BMW Ujerumani ilitolewa kabisa 2006 ikarudi baada ya siku chache. Maduka ya J.C. Penney ya Marekani 2011 kwa kosa kama lako, ikakaa kama miezi mitatu. Rap Genius, tovuti ya mashairi ya nyimbo, Krismasi ya 2013, siku kumi wamerudi. Hakuna aliyekimbia adhabu kwa kubadili jina. Sisemi wewe utarudi kwa siku kumi, wale wana jeshi la watu, ila jina ndo duka. Blogu ya matokeo ukiitupa nani atalia? Lakini hiyo yenu iko kwenye kibao na kwenye fulana, mkibadili mnaanza na gharama ya kibao.

Na wale mnaosoma huku hamna ujumbe wowote Search Console, msikimbilie kukana linki. Tangu 2016 mashine yenyewe linki mbovu nyingi inazipuuza tu, utajikuta unakata na zile nzuri zinazokubeba.

Mleta mada
Wakuu asanteni sana. Jana nimekesha na Eksel. Linki 1,140, na 700 na kitu zimeandikwa "spea za magari bei poa", nyingi toka kasino za Kirusi. Mdau wa Mwanza, ulisema kweli, ni kasuku kabisa. Nimepata na ya maana, fundi mmoja wa Dodoma alitutaja mwaka 2017 kwenye makala yake kuhusu gearbox, hiyo siigusi.

Bosi nilimpa hoja ya kibao na fulana akanyamaza kidogo, akasema miezi mitatu. Ombi la kwanza natuma Jumatatu, nitaleta mrejesho hapahapa.

Ila leo asubuhi nimeona risiti mezani kwake. Domeni mpya kashainunua.