Kopepodi, amfipodi au artemia: yupi anazaliana kweli ndani ya tangi la maji chumvi?

ChuiBahari (Dar)
Wakuu, habari za humu. Nina tangi la lita 240, lina mwaka na nusu, mawe yanafika kilo 25, chumvi gramu 35 kwa lita, na joto halishuki chini ya 27 maana liko sebuleni na jua la Dar mnalijua. Juzi nimeletewa samaki mandarini. Chakula cha pakiti hakitazami. Mchana kutwa anadonoa mawe, na ngozi nyuma ya kichwa imeanza kubonyea. Nataka chakula hai kitakachozaliana chenyewe humo humo. Nimetajiwa vijidudu vya majini vya jamii ya kamba: kopepodi wa aina mbili, Tisbe na Tigriopus, halafu amfipodi na artemia. Mfuko unaruhusu kitu kimoja mwezi huu. Nianze na kipi?

Mwambao78
Artemia mtoe kwenye hesabu ya kuzaliana, mkuu. Kwao ni kwenye maji ya chumvi kali ambako samaki hawaishi, kwa hiyo kujificha hajui. Ukimmwaga tu, kaliwa.

Ila kwa samaki aliyekonda, ndiye wa kumvusha wiki hii. Chupa ya soda ya lita moja na nusu, ikate kitako uipindue, utie maji na mayai ya artemia. Gramu 25 za chumvi kwa lita, mpira wa hewa ufike chini kabisa, taa, joto 28. Baada ya saa 24 hivi wameanguliwa. Zima hewa, maganda yataelea, wewe nyonya wale wa rangi ya chungwa chini. Mpe samaki siku hiyohiyo: wanatoka na kiini chao tumboni, na wakishakimaliza unalisha maji matupu.

Dau la Mtwapa
Hapa kwetu Kilifi, artemia wako kwenye mashamba ya chumvi tangu walipopandikizwa miaka ya 1980. Ukiwaona pale hutaamini kwamba tangini hawadumu hata dakika tano 😀

Bi Chewa
Mwanangu, chukua Tisbe. Ni mdogo, mweupe, maisha yake ni kutambaa ndani ya mawe na mchanga. Tigriopus ni mkubwa, mwekundu, huogelea kwa mishtuko mbele ya kila mdomo. Samaki humpenda kwa kuwa anaonekana, na ndiyo sababu hadumu. Tena yule anayeuzwa sana asili yake ni vidimbwi vya miambani pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini; kwangu, kwenye 28, aliishi lakini sikuona vizazi. Amfipodi wazima ni wakubwa kwa kile kidomo, watoto wao ndio wanaolika.

Namna ya kuwatia ni muhimu kuliko aina. Chupa yangu ya kwanza niliimwaga saa sita mchana, pampu zinavuma, skima, ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu, inafanya kazi. Samaki watatu walijipanga chini ya mkono wangu kama kuku. Ya pili nilingoja usiku, nikazima taa na pampu kwa saa nzima, nikawashusha kwa mpira mwembamba hadi kwenye nyufa za chini. Wiki ya tatu nilimulika kioo kwa tochi: vitone vyeupe, vinakwenda, vinasita, vinakwenda.

Dau la Mtwapa
Naungana na Bi Chewa, ila lita 240 na mandarini mmoja bado ni ugomvi. Anakula kuliko wanavyozaa. Unganisha tangi dogo la lita 40 pembeni, tia mwani wa nyuzi, Chaetomorpha, taa yake iwake usiku. Samaki hafiki, kopepodi wanajaa, pampu inawarudisha kidogo kidogo. Ukitafuta mawe ya kutia humo, tafadhali usiende kung'oa matumbawe hai mwambani.

MpembaMuscat
Shekhe, si kila mtu ana nafasi ya tangi la pili. Mimi nafuga Tisbe kwenye ndoo mbili za lita 10, hewa taratibu, nawalisha maji ya kijani ya Nannochloropsis, mwani mdogo usioonekana kwa macho. Maji yakiwa meupe naongeza, yakiwa bado kijani nawaacha. Nilizidisha mara moja, ndoo ikanuka nyumba nzima, mke akaitoa barazani na wadudu wake. Ndiyo maana sasa ni mbili, moja ikiharibika nyingine ipo.

ChuiBahari (Dar)
Basi ni Tisbe na ndoo, artemia asubuhi na jioni mpaka mbonyeo uondoke. Jana saa tano usiku nimemulika kioo. Nimeona vitone viwili, kimoja kikasogea. Cha pili naona ni chokaa.