Pedi ya keskleri haisikie vipigo vidogo, nifanye nini?

bageti_kadutu:
Bandugu, naomba musaada. Niko Bukavu, ninapiga batri (ngoma za bendi) ku kanisa huku Kadutu. Tuliacha batri ya kawaida juu majirani walichoka na kelele ya repetisio ya jioni, tukapata ya elektroniki, pedi ya keskleri (ile ngoma ndogo yenye nyaya chini) iko na ngozi ya neti, inchi 8. Tatizo ni hiyo keskleri tu. Wimbo ukianza pole pole ninapigaka krosistiki (bageti, kile kijiti, inalala ku ngozi na kugonga rimu, ukingo wa ngoma), na katikati yake mukono wa kushoto unaweka vile vipigo vidogo ambavyo ku keskleri ya kweli unavisikia kama mutu ananong'ona, hapa vinapotea kabisa. Sebene, ile sehemu ya haraka ya kucheza, ikiingia njo mubaya zaidi, kila kipigo kinatoka na nguvu moja, na nikipiga haraka inakuwa ta-ta-ta-ta kama mashini ya kushona. Nikiongeza volimu inaongeza makelele tu. Ninunue pedi ingine ama nitafute sauti zingine? Hii kazi ninaipenda sana na inaniuma kusikia kwaya inaimba vizuri halafu batri imelala.

fundi_wa_nyawera:
Ndugu usinunue kitu kwanza. Chini ya ile neti kuko piezo, kisahani cha chuma na seramiki, kikitikiswa kinatoa umeme kidogo, modili (kile kisanduku cha batri kinachotoa sauti) inapima ile kilele na kuigeuza namba ya midi, lugha ya vyombo vya elektroniki, 1 mpaka 127, na hiyo namba njo inachagua sauti gani itoke na kwa nguvu gani. Sasa funga modili ku ordinatere na kable ya USB, fungua programu yoyote inaonyesha namba za midi, piga kipigo chako kidogo kabisa mara kumi. Namba haitokei? Basi treshodi iko juu, ni kama mulango, kipigo kisichofika pale hakiingie. Ishushe mpaka pedi ianze kulia yenyewe ukipiga kiki (ngoma kubwa ya muguu), halafu panda hatua moja ama mbili.

Kisha piga nguvu yako ya sebene, ile ya kawaida. Kama kila kipigo kinagonga 127 umemaliza nafasi yote, hakuna kwa kupanda tena, njo maana unasikia nguvu moja. Shusha sensitiviti (namna pedi inasikia nguvu) mpaka ukae 100 na kitu, 127 uichungie rimshoti, bageti ikigonga ngozi na rimu pamoja. Kama vipigo vidogo vinaonyesha 5 ama 8 lakini havisikike, hapo badilisha kurbe (mustari unaopanga nguvu ya kipigo itoe sauti kiasi gani), chukua ile inapanda haraka upande wa chini na kulala juu.

mama_wa_bateri:
Ya modili ni kweli lakini munasahau ngozi. Neti ikilegea mukono wa kushoto haiwezi kuongoza vipigo vidogo hata uregle namna gani. Kaza skrubu moja, kisha ile inayoiangalia ng'ambo, hivyo hivyo mpaka zote zilingane. Na kama piezo iko katikati, pale katikati patatoka na nguvu kuliko fasi ingine yote, basi zoea kupiga pembeni yake kidogo.

Halafu angalia kable! Pedi ya zoni mbili (ngozi na rimu) inataka jeki ya stereo, ukiweka ya mono ngozi italia lakini rimu itakufa, na krosistiki yako nayo. Mimi nilipoteza wiki mbili nikifikiri pedi imeharibika, kumbe ni kable.

ibanda_sauti:
Ile mashini ya kushona ni sauti moja inarudiliwa. Ku keskleri ya kweli nyaya za chini bado zinatetemeka kipigo cha pili kikifika, kwa hiyo viwili havifanane hata siku moja. Jaribu DrumGizmo, programu ya sauti za batri ku ordinatere, ni ya bure, batri zake zilirekodiwa vipigo vingi vya nguvu mbalimbali na inabadilisha badilisha. Ila chunga bafa, kile kipande cha sauti ordinatere inakusanya mbele ya kuitoa: sampuli 128 ku 44100 kwa sekunde ni karibu milisekunde 3, 512 inafika karibu 12 na mukono unaanza kuisikia.

bageti_kadutu:
Asanti sana bote. Kable ilikuwa ya mono! Nimeazima ya stereo ku mupiga kinanda, krosistiki imerudi. Vipigo vidogo sasa vinaonyesha 14 mpaka 20 na vinasikika ku kaske ya masikio. Sauti mupya nitajaribu umeme ukirudi. Kinabaki kimoja: nikipiga viwili viwili haraka, cha pili kinakosekana mara mingi.

fundi_wa_nyawera:
Hiyo ni maski taimu, muda modili inaziba masikio kisha kila kipigo ili isihesabu kimoja mara mbili. Ipunguze kidogo kidogo. Ukisikia kipigo kimoja kimeanza kutoka viwili, umepita, rudi nyuma hatua moja.