Naomba ushauri: kupanga orodha ya roki iliyopigwa laivu kwa wasikilizaji waliozoea dansi, injili na bongo fleva

Binti wa Tabata aliandika:

Wanajukwaa, habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu nawasalimu.

Katika ukoo wetu tumejiwekea utaratibu wa kukutana nyumbani kwa mmoja wetu Jumamosi ya mwisho wa mwezi ili kusikiliza muziki, na kila mwenye zamu hupanga nyimbo kwa mada aliyoichagua mwenyewe. Waliotangulia wametuletea nyimbo za safari, nyimbo za mvua na nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya mama. Safari hii zamu ni yangu, nami nimechagua roki iliyopigwa laivu, yaani rekodi zilizofanyika jukwaani mbele ya watu. Nimeichagua kwa sababu ndiyo muziki niupendao kuliko mwingine wowote, na kwa sababu hapa Dar es Salaam nafasi ya kuiona bendi ya roki ikipiga ni adimu, kiasi kwamba wengi wetu tunaoupenda muziki huu tumeujua kupitia rekodi na video tu.

Kinachonitatiza ni wasikilizaji wenyewe. Baba mdogo alikuwa mtu wa kumbi za dansi enzi za Mlimani Park na Vijana Jazz, na anaamini kwamba roki ni kelele za Wazungu ambazo hazina mahali pa mtu kuchezea. Shangazi anapenda nyimbo za injili na hasikilizi kitu kingine kwa hiari yake. Binamu zangu ni vijana wa bongo fleva na singeli, ambao wimbo ukivuka dakika nne huanza kushika simu. Sitaki kuwalazimisha wanifurahishe. Nataka wasikie kile ninachokisikia mimi pale bendi inapouacha wimbo kama ulivyorekodiwa studio na kuanza kuutafuta upya mbele ya watu.

Naomba mnishauri katika mambo mawili. Kwanza, je, nipange nyimbo kwa miaka, kwa bendi, au ipo mada ya ndani itakayozishika pamoja? Pili, je, rekodi ndefu za dakika ishirini niziache, au nithubutu kuziweka?

Santuri Kuukuu alijibu:

Marahaba, binti. Nakupongeza kwa kuchagua jambo gumu, na naomba nianze na swali lako la pili, kwa sababu nadhani jibu lake unalo nyumbani kwako.

Mtu aliyecheza dansi katika kumbi za Dar es Salaam hawezi kuogopa wimbo mrefu. Huyo baba yako mdogo alikuwa akisimama ukumbini akisubiri waimbaji wamalize beti zao taratibu, kisha bendi iingie kwenye chemko, magitaa yaanze kupokezana, na wimbo ambao redioni ulikuwa wa dakika chache uendelee mpaka wachezaji waloe jasho. Anayeujua muziki kwa namna hiyo anahitaji kuonyeshwa tu kwamba wapo wengine waliofanya hivyohivyo kwa vyombo vyenye sauti kali zaidi. Mwekee albamu ya The Allman Brothers Band iliyorekodiwa katika ukumbi wa Fillmore East, New York, Machi 1971. Bendi ile ilikuwa na wapiga gitaa la solo wawili, Duane Allman na Dickey Betts, na wapiga drams wawili, na utawasikia wale wa solo mara wakitembea pamoja, mara mmoja akimpisha mwenzake. Wimbo wao wa kufungia, Whipping Post, ambao studio ulikuwa wa dakika tano hivi, pale ukumbini ulifika dakika ishirini na tatu. Usimwambie kwamba ni roki. Mwambie asikilize namna magitaa yanavyopishana, kisha umwache.

Baada ya hapo unaweza kumpa bendi ya Deep Purple katika rekodi zao za Osaka na Tokyo za Agosti 1972, zilizotoka kwa jina la Made in Japan. Pale utasikia kinanda kikigombana na gitaa kwa adabu, kila kimoja kikisubiri zamu yake.

Kuhusu dai kwamba roki ni mali ya Wazungu, ningependa ulijibu kwa nyimbo badala ya maneno. Miaka ya 1970 hapahapa Dar es Salaam palikuwa na bendi iliyoitwa Sunburst, ambayo albamu yake ya Ave Africa ya mwaka 1976 imejaa gitaa la umeme lililochanganywa na midundo ya kwetu. Jirani zetu wa Zambia walikwenda mbali zaidi, wakazaa mtindo mzima unaoitwa Zamrock, wenye bendi kama WITCH, Amanaz na Ngozi Family. Kiongozi wa WITCH, Emmanuel Chanda, alipewa na mashabiki jina la Jagari kutokana na Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, na miaka mingi baadaye ameirudisha bendi hiyo jukwaani na kuzunguka nayo nje ya Afrika. Najua kwamba rekodi za zamani za bendi hizi ni za studio na mada yako ni laivu, lakini sikiliza jinsi zilivyorekodiwa: wanapiga kwa pamoja kama watu waliotoka ukumbini jana usiku, jambo ambalo baba yako mdogo atalitambua kutoka katika rekodi za Radio Tanzania, ambako bendi nzima iliingia studio na kupiga kwa mkupuo mmoja. Ruhusu moja au mbili ziingie kama daraja.

Mpenzi wa Solo alijibu:

Mzee Santuri amesema vizuri kuhusu urefu, nami nitajibu swali la kwanza, kwa sababu naona ndilo litakaloamua kama jioni yenu itakuwa na mwelekeo.

Usipange kwa miaka. Orodha iliyopangwa kwa miaka huwa darasa la historia, na wasikilizaji wako hawajaomba darasa. Wala usipange kwa bendi, maana wasiozijua bendi hawatapata cha kushika. Ninapendekeza uipange kwa hadhira, yaani kwa watu waliokuwapo mbele ya jukwaa siku hiyo, wingi wao, na kile walichokifanya. Rekodi ya laivu hutofautiana na ya studio kwa sababu yupo mtu wa pili ndani yake, naye ni umati, na ukimfuata huyo mtu wa pili kutoka wimbo mmoja hadi mwingine utapata hadithi ambayo hata asiyependa gitaa anaweza kuifuata.

Anza na jukwaa lililo tupu. Katika maonyesho ya bendi ya Talking Heads yaliyofanyika Hollywood Desemba 1983, ambayo yalitolewa kama filamu na albamu mwaka uliofuata, mwimbaji wao David Byrne anatokea peke yake na gitaa, kisha wenzake wanaongezeka mmoja baada ya mwingine mpaka jukwaa linajaa. Binamu zako watasikia muziki ukijengwa mbele yao, na mdundo ule, ambao una deni kubwa kwa Fela Kuti wa Nigeria, hautawapa nafasi ya kushika simu.

Kisha nenda kwenye hadhira ndogo iliyotulia. Bendi ya Nirvana walirekodi New York tarehe 18 Novemba 1993 kwa magitaa ya kawaida yasiyo na kelele, wakakwepa nyingi kati ya nyimbo zao zilizovuma, na kati ya nyimbo kumi na nne walizopiga, sita zilikuwa za wasanii wengine. Ukimya wa watu wale unasikika, na mimi nauthamini kuliko makofi.

Baada yake weka hadhira iliyopungua. Mpiga gitaa Jimi Hendrix alipanda jukwaani kwenye tamasha la Woodstock, Marekani, asubuhi ya Jumatatu, tarehe 18 Agosti 1969, wakati tamasha lilikuwa limekwisha kupitiliza siku zake na sehemu kubwa ya umati imekwenda zake. Alipiga wimbo wa taifa wa Marekani kwa gitaa lililolia kama vita vilivyokuwa vikiendelea Vietnam, mbele ya watu waliochoka na uwanja uliojaa matope. Weka hapo, na usiseme chochote.

Umati mkubwa uweke mwisho. Tarehe 13 Julai 1985, katika uwanja wa Wembley, London, kwenye tamasha la kuchangia wahanga wa njaa ya Ethiopia, bendi ya Queen walipewa dakika ishirini hivi, na mwimbaji wao Freddie Mercury akauchukua uwanja wenye watu zaidi ya 70,000 kwa sauti yake tu, akiimba kipande wao wakikirudisha. Kila aliyekulia kwenye kiitikio cha ngoma anaelewa kinachotokea pale. Na kwa kuwa mwimbaji huyo alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, sidhani kama baba mdogo atabaki na neno kuhusu Wazungu.

Fundi Mitambo alijibu:

Dada, mada imeshapata wenyewe, mimi niongeze ya ufundi. Rekodi za laivu husumbua kwa namna ambayo za studio hazisumbui, na orodha nzuri inaweza kuharibiwa na spika.

Rekodi hizi zimebeba tayari mwangwi wa ukumbi zilikorekodiwa. Nyumba zetu nyingi za Dar es Salaam zina sakafu ya vigae na kuta tupu, kwa hiyo chumba kinaongeza mwangwi wa pili juu ya ule wa kwanza, na matokeo yake ndiyo hayo ambayo wazee huyaita kelele. Tandika zulia au mikeka, shusha mapazia mazito, na usiweke spika kwenye kona, kwa sababu kona huvimbisha besi mpaka maneno ya mwimbaji yapotee. Huenda baba mdogo hajawahi kuichukia roki yenyewe, bali chumba alichoisikilizia.

Katika programu ya kusikilizia, zima kipengele kinachofifisha mwisho wa wimbo na kuupandisha unaofuata juu yake, maana makofi ya Tokyo yakichanganyika na makofi ya London yanaudhi. Washa kile kinachosawazisha ukubwa wa sauti, kwa kuwa rekodi za zamani zilizosafishwa upya huwa na nguvu kuliko zile za awali. Na pakua kila kitu mapema, kwa sababu umeme ukikatika mtandao wa nyumbani nao huzima, lakini spika ya kuchaji itaendelea.

Mkifurahia na kuamua siku moja kuyafanya haya katika ukumbi kwa kiingilio, waulizeni kwanza COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, wapi pa kupata leseni. Nyumbani kwenu haihusiki.

Mkazi wa Mbezi alijibu:

Naomba nitoe tahadhari moja kuhusu neno laivu. Si kila albamu yenye makofi ni ya kweli tangu mwanzo hadi mwisho. Ile ya Thin Lizzy ya mwaka 1978, Live and Dangerous, hadi leo ina ubishi kati ya bendi na mtayarishaji wake, Tony Visconti, kuhusu kiasi gani kilirudiwa studio. Naipenda, lakini kwa jioni yako ningeiacha na kuchukua The Who waliorekodiwa katika Chuo Kikuu cha Leeds tarehe 14 Februari 1970. Kwenye lebo ya santuri ile waliandika kwamba mikwaruzo inayosikika haina tatizo, isirekebishwe. Bendi ya gitaa moja, besi, drams na mwimbaji, wote wanapiga kama kila mmoja ndiye kiongozi.

Tena, usiwaahidi ndugu zako kwamba rekodi itawapa kila kitu. Besi ya jukwaani husikika kifuani kabla ya kufika masikioni, na hilo spika ya sebuleni haiwezi. Baada ya jioni hiyo wapeleke Sauti za Busara, Februari, Ngome Kongwe, Unguja. Tamasha hilo limefanyika tangu 2004 na linashikilia kwamba wasanii wapige laivu, nako bendi zenye gitaa la umeme kutoka pande mbalimbali za Afrika hupanda jukwaani. Mtu aliyesimama pale mara moja husikiliza rekodi kwa masikio mengine.

Binti wa Tabata aliandika:

Nawashukuru nyote, na Mzee Santuri nakushukuru kwa namna ya pekee. Nimekubali kuipanga kwa hadhira. Nitaanza na Talking Heads, nitaingiza Sunburst na WITCH kama daraja, kisha Nirvana, The Who, Hendrix na Allman Brothers kwa urefu wao wote bila kukata, na Queen watafunga. Deep Purple nimewaacha kwa shida, kwa kuwa rekodi mbili ndefu mfululizo naona zitawachosha vijana. Nimebaki na shangazi peke yake. Katika haya yote sioni mahali pake, na sitaki akae kwa adabu tu hadi chakula kiive.

Santuri Kuukuu alijibu:

Binti, shangazi ndiye mwenye haki kubwa kuliko wote, maana gitaa hilo la roki lilipita kanisani kabla ya kufika kwa hao vijana wa Uingereza. Mtafutie Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji wa injili aliyezaliwa Arkansas mwaka 1915 na ambaye alikuwa akipiga gitaa la umeme kabla wengi wa hawa tuliowataja hawajazaliwa. Mei 1964 alirekodiwa na televisheni huko Manchester, katika stesheni ya treni iliyokuwa haitumiki tena. Hadhira ilikaa upande mmoja wa reli, yeye akapiga upande wa pili, amevaa koti lake, mvua ikiwa imenyesha siku hiyo, na wimbo alioufungulia ulikuwa wa gharika ya Nuhu.

Mweke wa kwanza kabisa, kabla ya Talking Heads, na kwa huyu tumia video badala ya sauti pekee. Shangazi akishamwona mama huyo akipiga solo kwa jina la Bwana, atawaambia vijana wanyamaze.

Binti wa Tabata aliandika:

Nimemtazama sasa hivi, Mzee. Anaanza yeye.