Difu (boksi la gia la katikati ya ekseli) ya Hilux inavuma nikikanyaga mafuta, nifungue mwenyewe?

Mbeba Vitunguu: Habari za jioni wakuu. Nina Hilux ya zamani, nabebea mizigo ya soko la Kongowea, Mombasa. Pinioni, ile gia ndogo ya kuingilia difu, ilikuwa inavuja oili, fundi akabadilisha sili na beringi zote mbili. Tangu siku hiyo nikipita 60 nimekanyaga mafuta, difu inavuma. Nikiachia mguu, kimya. Jana nimefika Mariakani nikaigusa, mkono haukukaa. Fundi anasema itazoea. Nataka kuifungua mwenyewe. Ninunue vifaa gani?

Spana 32 Changamwe: Gia haizoei, kaka. Nati ya pinioni aliikaza na nini?

Mbeba Vitunguu: Bunduki ya upepo. Nilikuwa nimesimama pale pale.

Spana 32 Changamwe: Basi joto nadhani limetoka hapo. Kati ya zile beringi kuna silivu, kibomba cha chuma kinachobonyea nati ikikazwa. Ikibonyea kupita kiasi beringi zinabanwa mno, na hairudi, hata ulegeze nati vipi. Weka mpya.

Mvumo ni kesi nyingine. Beringi ya ndani ikiwa na upana tofauti na ya kwanza, na shimu, ile pete nyembamba inayopanga kina cha pinioni, ikabaki ile ile, pinioni imehama. Paka rangi meno ya krauni, ile gia kubwa inayozungushwa na pinioni, kisha zungusha. Alama ikikaa kwenye ncha za meno, pinioni iko mbali, ongeza shimu. Ikizama kwenye mashina, punguza. Pesa yako weka kwenye dayali geji ya sumaku, ile saa ya kupimia: krauni hiyo inataka mchezo kati ya meno yake na ya pinioni wa milimita 0.13 hadi 0.18, na kidole hakipimi hivyo.

Mzee wa Likoni: Mkazo wa beringi mimi napima kwa mizani ndogo ya springi, kama ya wauza samaki. Krauni iwe nje. Zungushia uzi kwenye flenji ya pinioni, ile sahani ya kufungia propela, vuta polepole, soma ikiwa inazunguka. Flenji ya sentimita 10, mvuto wa kilo 2: mbili mara nusu ya flenji, tano, unapata kilo-sentimita 10. Linganisha na kitabu cha gari. Beringi mpya hutaka zaidi ya kuukuu. Kaza kwa mkono, kidogo, pima tena. Jasho litakutoka.

Kijana wa Gereji: Kwanza tazama meno, shekhe. Yakishabanduka uso, shimu haiponyi. Na usiuziwe krauni peke yake, huenda na pinioni yake. Mimi nilichanganya za magari mawili, mwezi haukuisha.

Mbeba Vitunguu: Ahsanteni. Jumapili naishusha. Nimeagiza silivu mbili, moja ya kuharibu.